Ulimi Aliouuza Namkunda

Huko ughaibuni, kila mfanyakazi mgeni aliyekubali kuuza uwezo wake wa kuonja na kunusa alistaafishwa mapema, akalipwa pensheni maisha yake yote. Namkunda aliuza, akarudi kwao Same akiwa na miaka thelathini na minne, hatumwi na mtu.

Asubuhi ya kwanza alijipakulia makande ya juzi, akala sahani mbili huku akimsifu mama yake. Mama alionja kidogo, akatema.

"Yamechacha, mwanangu! Hukusikia?"

Namkunda akauona ute ukivutika kwenye kijiko chake. Kinyaa kikamshika, akakimbilia uani kutapika. Mama akamfuata na kikombe cha maji.

"Sukutua mdomo."

"Sina haja, mama," alisema, akijifuta midomo. "Hata matapishi siyasikii."