Weupe wa Macho

Tangu sheria ilipokataza picha yenye kasoro kurushwa hewani, kila kituo cha televisheni kilihitaji kifaa cha kukagua na kusahihisha picha, na Kariakoo nzima hakuna aliyeuza vifaa hivyo kama Mwanamkuu. Wateja aliwaonyesha taarifa ya habari ya mchana, inayosomwa na mumewe, Shekue, kutoka kituo cha Dodoma alichokiuzia kifaa.

"Tazama kanzu hiyo. Maziwa!" alisema, na wateja walibaki midomo wazi. Hata nyuzi za kofia zilihesabika.

Mwezi wa pili Shekue akaja likizo. Mlangoni tu, Mwanamkuu akaona macho yake yamekuwa manjano kama bizari.

"Uchovu huo, mama watoto," Shekue alisema.

Lakini kila mchana alikuwa akimwona mzima! Akafungua simu, akapekua kumbukumbu za kifaa cha kituo kile, ambazo kama muuzaji aliweza kuzisoma. "Weupe wa macho: umesahihishwa." Siku thelathini na nane mfululizo, kuanzia manjano ilipokuwa hafifu kiasi kwamba hata yeye Shekue asingeiona kwenye kioo.

"Loo, kiliona mapema kuliko daktari yeyote," alisema Mwanamkuu kwa sauti ileile ya dukani, huku amepiga magoti akimfunga mumewe kamba za viatu vya kwendea hospitali.