Kidirisha cha Mwisho

Kila asubuhi ya Desemba, Jochen alifungua kidirisha kimoja cha boksi lake la kalenda ya kuhesabu siku hadi Krismasi na kutoa kipande cha treni ya kuchezea. Kichwa cha treni kilikuwa nyuma ya kidirisha cha mwisho, cha mkesha wa Krismasi. Kufungua kabla ya siku yake kulikuwa mwiko hata kwa watoto.

Leo ilikuwa tarehe kumi na moja, na Jochen, mgonjwa kitandani, hakuweza kukifungua kidirisha cha siku hiyo.

"Nisaidie, mke wangu." Miaka yote ya ndoa Jochen hakuwahi kumruhusu aguse vitu vyake.

"Leo nimekuwa mtu?" Mkewe akaweka kikombe chini. "Daktari alikuambia nini jana?"

"Alisema nijitahidi."

"Mimi kule koridoni aliniambia mengine."

Akapitisha ukucha taratibu pembeni mwa kidirisha cha mwisho. Karatasi ikachanika.

"Hicho siku yake bado," Jochen alinong'ona.

"Najua."

Akamwekea kichwa cha treni kiganjani, akamkunja vidole juu yake, kimoja kimoja.

"Krismasi njema, bwana."