Plasta Tatu

Siku ya nne baada ya kupasuliwa ngiri, Shemdoe alirudi kwenye ghala la saruji kuomba ruhusa ya kupumzika. Msimamizi wake, Bwana Lugendo, alikitupia jicho cheti cha daktari, kisha akataka kuona kidonda chenyewe. Shemdoe akapandisha shati mbele ya makuli wenzake. Tumboni palikuwa na plasta tatu tu, kila moja ndogo kama ukucha wa kidole gumba.

"Ndicho kilichokulaza hiki?" Lugendo aliuliza. "Marehemu baba alipopasuliwa ngiri, alishonwa kutoka hapa mpaka hapa."

"Siku hizi wanaingiza kamera, mkuu. Kazi yote wameifanyia ndani. Nimeambiwa nisibebe kitu kizito kwa wiki sita."

"Wiki sita kwa mikwaruzo hii? Nje kuna watu wanaitaka kazi yako."

Wenzake walitazama chini. Shemdoe naye alilionea aibu tumbo lake, akatamani madaktari wangelichana kwa kisu kikubwa. Alishusha shati taratibu. Kisha akaligeuzia mgongo lori la saruji lililokuwa likisubiri kupakuliwa, akainama, akakaza viganja magotini na kuusubiri mfuko wa kwanza.