Kisiki wa Toleo la Kwanza

"Kisiki ameita tena," fundi wa programu alisema, macho kwenye kompyuta.

Mkuu wa kitengo, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anatoka kwenye chumba chake cha vioo, kikombe mkononi, aliguna.

Mfumo wao ulikuwa na kazi moja. Programu nyingine huuliza, "Huyu ni mfanyakazi wetu?" nao hujibu. Juu ya kila ombi kuna mstari unaotaja toleo linalotakiwa. Siku hizi zote zilitaja la tatu. Kisiki peke yake, jina walilompa muulizaji mmoja wasiyemjua, mbishi kama punda, bado alitaja la kwanza.

"Nipe leo tu nimjue ni nani, bosi. Asije mtu akakwama."

"Saa nne naonana na wakurugenzi. Nimewaahidi toleo la kwanza limekufa. Likikutwa hai, unaibu mkurugenzi nitausikia kwa wenzangu, na wewe utafute meza kwingine." Aligonga meza kwa kadi yake ya kazi, ile ya zamani yenye ukingo wa dhahabu. Wenzake walipopewa mpya za kijivu, alisema hizo ni za watu wa foleni. "Kwani huyo Kisiki anaita lini?"

"Ana ratiba ya wakubwa. Asubuhi huchelewa, chai yake ndefu, jioni huwahi kuondoka."

"Mvivu tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Akacheka. "Tumefanya kazi kubwa, dada. Kitufe cha kulizima nitabonyeza mwenyewe."

Wakubwa ndivyo walivyo. Siku ya sifa, "tumefanya". Siku ya lawama, "umefanya nini?"

Akarudi chumbani kwake. Kisiki akaita papo hapo, kama anayeaga.

Saa nne kasoro kidogo, mkuu alibonyeza. Toleo la kwanza likazimika. Nyuma ya kioo alimwinulia fundi dole gumba, akanyoosha tai, akachukua koti.

Kwenye kompyuta ya fundi, Kisiki aliita. Akajibiwa: toleo hili halipo. Akaita tena. Halafu akaita mfululizo, bila kupumua, kama mtu anayechelewa mahali.

Fundi aliinua macho. Nyuma ya kioo, mkuu alikuwa akiifuta kadi yake ya dhahabu kwenye shati, kisha akaigusisha tena kwenye kifaa cha mlangoni. Mlango haukufunguka.