Fundo la Ukoo

Mama aliweka goti mgongoni mwa robota la magunia, akavuta kamba, akaipitisha, akakaza. Kidole cha mwisho cha mkono wake wa kushoto kilisimama juu peke yake, kama kawaida. Hata hakutazama.

"Haya, fungua," alimwambia mtunzaji wa ngome.

Mtunzaji alihangaika mpaka jasho likamtoka. "Mama, hili ni fundo au gereza?"

Binti aliziba mdomo asicheke. Kule stendi, ambako yeye na mama yake hufunga mizigo ya wasafiri, wapagazi wenye vifua kama milango walikuwa wameshashindwa na fundo hilo. Huwezi kulifunga ukiwa mbele ya mzigo. Lazima ukae nyuma yake.

"Nani alikufundisha?"

"Baba. Naye kafundishwa na baba yake, na yule na babu aliyeingia humu ngomeni zamani za mfalme. Hata hiki kidole, kasoro yao hiyo." Mama akainamisha uso. "Baba kafa akimtaja babu huyo. Alisema jina lake lisipoandikwa, hatapumzika."

Langoni palikuwa na jiwe jipya la majina ya wafungwa wa mfalme waliofia katika shimo la ngome. Kila ukoo ulitakiwa kuleta alama ya mtu wake. Wengine walileta bangili, wengine wimbo. Mama alikuwa na fundo tu, na njia nzima aliogopa kuchekwa.

Mtunzaji hakutania tena. Aliwapeleka kwenye kabati la kioo. Ndani mlikuwa na kamba nyeusi, iliyotolewa shimoni pamoja na mifupa. Fundo lake lilikuwa lile lile.

"Sijaliona popote ila kwenye kamba za humu," alisema taratibu. Akachungulia dirishani, akamwita mwashi. "Fundi! Andika jina la mzee wao!"

Mama alilia machozi ya furaha. "Umeona, mwanangu? Mtu akisema tunajipachika, mlete hapa."

Wakashuka shimoni. Ngazi zilikuwa na unyevu, na baridi iliwashika vifundo vya miguu kama mikono ya watu. Walipozungumza, kuta ziliwarudishia maneno kwa sauti ambazo hazikuwa zao. Chini kabisa, mtunzaji akamulika ukutani kwa tochi.

"Mfungwa mmoja aliwachora wenzake kwa mkaa, kabla zamu yake haijafika."

Mchoroni, watu walikuwa wamepigishwa magoti kwa mstari, mikono nyuma. Kila mmoja alikuwa na sura yake. Mama naye akapiga magoti, akaanza kuwapapasa nyuso.

"Wetu yupi? Huyu? Ana paji la uso la baba. Hapana, labda huyu. Njoo, mwanangu, wewe macho yako mazima. Nitafutie babu yetu."

Binti alisogea. Alizipitia nyuso zote. Kisha akamtazama mmoja aliyechorwa nyuma yao, ambaye peke yake hakufungwa: goti mgongoni mwa mtu, kamba mikononi, na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimesimama juu peke yake.

Huko juu, tindo la mwashi lilikuwa limeshaanza kugonga jiwe.