Karatasi Tupu

Lilibaki sasisho moja la kuamua: programu mpya ya kuchapa, niliyoitengeneza mwenyewe kwa miezi minne.

Mengine arobaini yalikuwa yameshaingia katika toleo letu la Linux, mfumo unaoendesha kompyuta za shule. Kwetu Kasongo, kwenye mkutano wetu wa kila mwaka, la mwisho huamuliwa na mtu aliyetoka mbali zaidi, maana kitu kikiharibika, yeye ndiye atakayebaki nacho. Mwaka huu alikuwa Mwalimu Apolline, aliyefika kwa pikipiki kutoka Kabambare, vumbi mpaka kwenye kope.

Alibonyeza kitufe cha kuchapa. Printa yake ya zamani, aliyokuja nayo imefungwa ndani ya kitenge, ikakohoa na kutoa karatasi nyeupe, haina hata nukta.

"Ku kompyuta iko muzuri sana," alisema kwa upole.

"Nipe wiki moja, Mama. Nitairekebisha."

"Buletini za wanafunzi, na alama zao zote, zinatoka Ijumaa."

Hakuniambia niiondoe. Aliweka tu kidole juu ya ile karatasi, akaisukuma polepole upande wangu.

Nikaitoa programu yangu, nikarudisha ile ya zamani. Printa ikakohoa tena. Karatasi ilitoka na joto lake, herufi zimeinama kidogo kushoto kama siku zote. Apolline akaigusisha shavuni, akacheka. Na mimi nikajikuta nacheka.

"Ile yako ikipona," alisema akifunga printa yake, "uilete mwenyewe Kabambare, kwa pikipiki. Nitakupikia."

Nikachukua kalamu, nikaandika tarehe ya kwenda Kabambare kwenye ile karatasi tupu.