Mlango wa Mwenyekiti

Asubuhi meneja wa kiwanda cha nyuzi alituma watu wang'oe mlango wa nyumba ya kiwanda aliyoishi Chande, mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi, kwa kosa la kuitisha mgomo. Jioni wajumbe wakaja kukaa sebuleni humo humo, kujadili kama chama kimchangie kiongozi wake nyumba.

"Tukimjengea atajiona bwana mkubwa," mjumbe mmoja, Lugome, alirudia yale yale. "Kiongozi aishi kama sisi."

Mke wa Chande, Sikujua, ambaye tangu kikao kianze alikuwa akifukuza mbuzi wa jirani wasiingie ndani, aliitupa fimbo chini.

"Kama ninyi? Shemeji Lugome, wewe leo utalala umefunga komeo. Mimi nitalala na mbuzi kwa mgomo wenu nyote. Haya, ongeeni mmalize, nataka kufagia."

Kikao kikaahirishwa, wajumbe wakatoka mmoja mmoja. Lugome alitoka wa mwisho, na kwa mazoea akanyoosha mkono nyuma yake avute mlango. Mkono ukashika hewa.

Akabaki pale kizingitini, mkono bado ameunyoosha, mbuzi mmoja akimpita kuingia ndani.